Mara ya Kwanza Uwanja wa Besiboli: Maswali ya Mashabiki wa Dodoma Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa watu wa Dodoma: wafanyakazi wa Mtumba, wanafunzi wa UDOM, mafundi, walimu, na wale wazee wa kijiwe cha kahawa wanaojua kikosi cha Yanga cha miaka ishirini iliyopita lakini gongo la besiboli hawajawahi kuligusa. Karibu wote ni watu wa soka, kwa hiyo majibu yamepikwa kwa ajili ya mtu wa soka.

Besiboli Tanzania? Kweli ipo au mnatutania?

Ipo. Mchezo huu ulianza kushika mizizi mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa msukumo mkubwa wa Mjapani Shinya Tomonari, ambaye kabla ya kuja kwetu alishaufundisha Ghana. Wavulana wanacheza besiboli, wasichana wanacheza softiboli, na kuna mashindano ya taifa yanayoitwa Tanzania Koshien. Jina hilo limetoka kwenye uwanja wa Koshien, uliofunguliwa mwaka 1924 mjini Nishinomiya, ambako hadi leo shule za sekondari za Japani zinapambana kila kiangazi huku nchi nzima ikiwa mbele ya televisheni.

Uwanja wa kwanza nchini kujengwa mahsusi kwa besiboli uko Dar es Salaam, ndani ya Shule ya Sekondari Azania, Upanga. Ulikamilika mwishoni mwa 2018 kwa msaada wa serikali ya Japani. Mtu wa Dodoma akiniambia anakwenda "uwanja wa besiboli", mara nyingi anamaanisha huo.

Mimi Yanga tangu tumboni mwa mama. Nikifika pale nitaelewa nini?

Utaelewa, ila sahau kwanza jambo moja kubwa ulilofundishwa na soka: kwamba mwenye mpira ndiye anayeshambulia. Kwenye besiboli timu inayojilinda ndiyo iliyoshika mpira. Wachezaji wake tisa wametawanyika uwanjani, na mmoja wao, mrushaji, amesimama kwenye kichuguu kidogo katikati. Timu inayoshambulia haina mpira hata kidogo; ina mtu mmoja mwenye gongo, na wenzake wamekaa benchi wakisubiri zamu. Hilo likishakuingia kichwani, mengine yatakuja yenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Anarusha. Mpira ukipita ndani ya eneo lililopangwa, kama upana wa kibao kilicho chini karibu na mpigaji, kinachoitwa nyumbani, na kimo cha kuanzia magotini mpaka usawa wa kifua, na mpigaji asiupige, hiyo ni straiki. Akizungusha gongo akakosa, straiki pia. Ukipita nje ya eneo hilo na mpigaji akatulia bila kuzungusha gongo, inaitwa boli. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Boli nne, mpigaji anapewa besi ya kwanza (kituo cha kwanza cha kukimbilia) bure, anakwenda anatembea.

Akiupiga ukaingia uwanjani, anatimua mbio. Kuna besi tatu na nyumbani, zimepangwa mraba, na kutoka moja hadi nyingine ni mita 27.43. Akizunguka zote akarudi nyumbani salama, ndipo timu yake inapata pointi moja. Wapinzani wanamtoa kwa kuudaka mpira kabla haujagusa chini, au kwa kuufikisha besi ya kwanza kabla yake, au kwa kumgusa na mpira akiwa hajakanyaga besi. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Kila timu ikishapiga zamu moja, hiyo ni iningi moja. Mchezo kamili una iningi tisa, ingawa kwa vijana mara nyingi huchezwa saba au pungufu.

Hayo ni maandishi tu. Uwanjani, ushauri wangu ni huu: kwa iningi mbili za kwanza usihangaike na besi wala pointi. Mtazame mrushaji na mpigaji peke yao. Angalia mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji anavyoonyesha vidole katikati ya mapaja yake. Anamwambia mrushaji arushe mpira gani. Mrushaji akitikisa kichwa, amekataa. Mdakaji anaonyesha tena. Anaitikia. Mpigaji naye anajua kuna jambo limepangwa dhidi yake, lakini halijui. Hapo ndipo mchezo ulipo. Mtu wa soka anayelalamika kwamba "hakuna kinachotokea" kwa kawaida alikuwa anatazama nyasi.

Na ukisikia zimefika boli tatu na straiki mbili, acha simu. Mpira unaofuata karibu utaamua: ama mtu ametoka, ama amepata besi, ama gongo limelia. Labda aupige ukaangukie nje ya mistari, hapo atarudiwa tena, maana mpira wa nje haumtoi mtu kwenye straiki ya tatu (isipokuwa alijaribu kuugusa tu bila kuupiga). Nimeona mpigaji akiikwepa adhabu kwa njia hiyo mara kadhaa mfululizo, mrushaji jasho linamtoka, na benchi zima limesimama.

Mchezo una dakika ngapi?

Hauna dakika. Unaisha iningi zikiisha. Ligi kuu ya Marekani ilileta saa ya kumharakisha mrushaji mwaka 2023, lakini hiyo inahesabu sekunde kati ya mpira na mpira, si muda wa mchezo. Huwezi kuongoza halafu ukaanza kujiangusha na kuita daktari ili muda uishe. Lazima umtoe mpinzani wa mwisho. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kumfanya mshabiki wa ligi yetu aupende mchezo huu.

Sare nayo Marekani haitakiwi: zikifungana baada ya iningi tisa wanaendelea. Mwaka 1984 Chicago White Sox na Milwaukee Brewers walicheza iningi 25, saa 8 na dakika 6, ikabidi wakalale na kuja kumalizia kesho yake. Wajapani kwenye ligi yao ya kulipwa wana huruma zaidi. Baada ya iningi 12 sare inakubaliwa.

Mtu wa kutoka Dodoma achukue onyo hapo. Usikate tiketi ya kurudi ya treni inayoondoka saa mbili tu baada ya mchezo kuanza. Acha nafasi, au panga kulala kwa shangazi.

Kutoka Dodoma nafikaje?

Treni ya SGR ndiyo imebadilisha hesabu. Ilianza safari za Dar hadi Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, na kwa daraja la kawaida nauli ilianzia shilingi 31,000. Unapanda Mkonze, stesheni ya Samia, na baada ya kama saa tatu na nusu uko stesheni ya Magufuli, katikati ya jiji la Dar. Kutoka hapo Upanga si mbali. Bajaji au bodaboda mwambie Azania, jirani na Muhimbili. Beba kitambulisho, na fika stesheni mapema, maana wenyewe hawana simile na mchelewaji.

Basi la kutoka stendi kuu ya Nzuguni bado lipo, lakini litakushusha Mbezi, na kutoka Mbezi hadi Upanga kuna safari nyingine ndani ya safari. Kwa basi, nenda siku moja kabla.

Nikae wapi nione vizuri?

Kwanza usitarajie majukwaa ya Benjamin Mkapa yenye viti 60,000. Huu ni uwanja wa shuleni. Mgeni akae nyuma ya wavu ulio nyuma ya mdakaji, kidogo pembeni. Hapo unaona mpira unavyopinda ukimfikia mpigaji, jambo ambalo ukiwa upande wa besi hulioni kabisa. Na wavu unakukinga.

Ukishazoea, hamia upande wa besi ya kwanza. Karibu kila mpira unaopigwa chini unaishia pale, na utaona mbio za mpigaji na mpira vikifika pamoja, vumbi linatimka, mwamuzi ananyoosha mikono pembeni, yaani yuko salama, au anakunja ngumi, yaani ametoka. Mguu umefika kwanza au mpira? Watu wenye macho mazuri husikiliza: mlio wa mpira kwenye glovu na mlio wa mguu kwenye besi.

Samahani kaka, nikija na watoto, mpira hautawapiga?

Unaweza. Dada, swali lako ni la maana kuliko yote humu. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149, mgumu, umeshonwa kwa ngozi, na ukipigwa vizuri unaruka kwa kasi ambayo mtu mwenye simu mkononi hawezi kuikwepa. Watoto wakae nyuma ya wavu, si pembeni. Mpigaji akiwa tayari, macho yote uwanjani. Ukitaka kumgawia mtoto juisi, subiri timu zinabadilishana. Na watu wakipiga kelele za ghafla huku wanatazama juu, usiulize kuna nini. Funika kichwa cha mtoto kwanza.

Nikiudaka mpira ulioruka nje, ni wangu?

Kwenye viwanja vikubwa vya Marekani, ndiyo, ni zawadi yako, na watu wanasukumana kwa ajili yake. Kwenye uwanja wa shule hapa kwetu, rudisha. Mipira hiyo haiuzwi dukani Majengo. Hutoka nje ya nchi, na timu inaweza kuwa na michache ya kuhesabika. Rudisha kwa kuuviringisha au mpe mtoto wa karibu aupeleke. Usijaribu kuurusha kwa mbwembwe, utampiga mtu kisogoni.

Tushangilie lini? Nimezoea ngoma na tarumbeta.

Leteni ngoma! Wajapani wenyewe wanashangilia kwa bendi nzima, kila mpigaji na wimbo wake. Utaratibu wao ni mzuri kuiga: timu yenu inapopiga, mnaimba, timu pinzani inapopiga, mnapumzika na kuwaachia wenzenu uwanja. Kwa hiyo kelele zinapishana, na hata koo linapata nafuu. Vuvuzela sikatazi, lakini si wakati mrushaji anajiandaa.

Refa akikosea tumzomee?

Hapana. Mizizi ya mchezo huu hapa nchini ni ya Kijapani, na pamoja na mpira walileta adabu zao. Usishangae kuona timu zote mbili zimejipanga mistari miwili zikitazamana, zikainamiana kabla ya mchezo na baada ya mchezo, waliofungwa kwa waliofunga. Mtu aliyetoka moja kwa moja Jamhuri kwenye mechi ya Dodoma Jiji ataona kama yuko kanisani. Atazoea. Halafu kumbuka upo ndani ya uwanja wa shule, mbele ya wanafunzi: bia na sigara viache nyumbani, na matusi ya jukwaani yaache hukohuko.

Nivae nini, nile nini?

Kofia, maji, nguo nyepesi. Jua la Dodoma ni kali lakini hewa ni kavu. Dar unyevunyevu utakumaliza kabla ya iningi ya tatu. Sweta ulilovaa asubuhi Mkonze utalibeba mkononi siku nzima.

Chakula ni chako mwenyewe. Karanga zinafaa, ubuyu unafaa, zabibu za kwetu zinafaa zaidi na wenyeji wa Dar watakuheshimu. Kwa Marekani wachezaji wenyewe hutafuna mbegu za alizeti benchini na kutema maganda chini, mchezo mzima. Sisi wa Dodoma na Singida, ambao alizeti tunaipeleka kwenye mashine ya mafuta, tunaona huo ni uharibifu, lakini kila nchi na mambo yake.

Dada yangu anacheza softiboli. Ni mchezo huohuo?

Ni ndugu wa damu. Mpira wake ni mkubwa zaidi, mzingo wake kama sentimita 30 wakati wa besiboli ni kama 23, na unarushwa kwa mkono wa chini. Besi ziko karibu zaidi, mita 18.29, na zinachezwa iningi saba. Kwa sababu ya umbali mfupi mambo huenda harakaharaka. Mgeni asiye na subira ningemshauri aanze na mechi ya wasichana.

Kwa nini wakati mwingine pointi ni chache na wakati mwingine zinamwagika?

Inategemea warushaji. Fainali ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, Japani iliifunga Marekani 2–0, mchezo mzima. Lakini mrushaji kijana ambaye bado hajaimudu shabaha anatoa boli nne, na tena nne, na tena nne, besi zote zinajaa, halafu mtu mmoja anapiga mpira unaovuka uzio na watu wanne wanarudi nyumbani kwa mpigo. Hiyo ndiyo homu rani yenye thamani kubwa kuliko zote. Kwa mashuleni jiandae kwa pointi nyingi, na usimcheke mrushaji. Lengo lake liko mbali mita 18 na lina upana wa sentimita 43.

Kuna Mwafrika aliyefika mbali?

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli huko Randburg na familia ilikuwa ikiishi kwenye chumba cha jengo la klabu hiyo. Mtoto alikua akitoka kitandani moja kwa moja uwanjani. Tarehe 26 Aprili 2017 aliichezea Pittsburgh Pirates dhidi ya Chicago Cubs, akawa wa kwanza kuzaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Mara yake ya kwanza kushika gongo, mbele ya mrushaji mkubwa Jon Lester, alipiga na kufika besi ya kwanza.

Nataka kujizoeza macho kabla ya kwenda. Mechi zinaonyeshwa saa ngapi kwa saa zetu?

Mechi ya saa moja jioni New York wakati wa kiangazi chao, kwetu ni saa nane usiku. Hiyo ni ya walinzi na wenye watoto wachanga. Za Japani ni rafiki zaidi: ikianza saa kumi na mbili jioni Tokyo, Dodoma ni saa sita mchana. Ukitaka mchezo mmoja tu wa kutazama, tafuta mwisho wa fainali ya World Baseball Classic, kombe la dunia la besiboli, ya 2023, Japani 3, Marekani 2. Shohei Ohtani anarusha, Mike Trout anapiga, na hao wawili walikuwa wakichezea klabu moja. Boli tatu, straiki mbili. Uutafute mwenyewe uone.

Hatuwezi kujichorea uwanja wetu hapahapa Dodoma?

Mnaweza, na ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mnahitaji futi kamba, chokaa na eneo tambarare. Anzeni nyumbani. Pimeni mita 27.43 kwenda besi ya kwanza, kona ya mraba, 27.43 kwenda ya pili, mzunguke hivyo. Kuhakikisha mraba haujapinda, pimeni kutoka nyumbani hadi besi ya pili: iwe mita 38.8. Ikizidi au kupungua sana, mmepinda kona. Kwa watoto fupisheni zote.

Gongo mtu anaweza kulichonga. Umbo lake ni kama mchi, jembamba unaposhika na nene mbele. Mti uwe mgumu na mkavu, la sivyo litapasuka siku ya kwanza.

Mwelekeo ndio watu wengi husahau. Kanuni hupendekeza mpigaji atazame mashariki au mashariki-kaskazini, ili jua la jioni lisimuingie machoni. Hapa Dodoma hilo lina gharama, kwa sababu upepo wetu mwingi hutoka huohuo mashariki: mpigaji anakula vumbi, na mpira mrefu ambao pengine ungevuka uzio unarudishwa mikononi mwa wapinzani. Mimi ningechagua vumbi. Mtu aliyepofushwa na jua akirushiwa mpira mgumu ni hatari. Mwenye vumbi anaomba dakika moja, anapangusa macho.

Jambo jingine ni udongo. Ardhi yetu wakati wa kiangazi inakuwa ngumu kama sakafu, mpira ukigonga chini unaruka kwa namna usiyoitegemea na kumpanda mtu usoni. Mwagieni maji asubuhi sehemu ya besi, okoteni changarawe moja moja, na wachezaji wa ndani, wale wanaosimama karibu na besi, wafundishwe kusogea mbele kuufuata mpira badala ya kuusubiri.

Na mvua ikinyesha?

Soka itaendelea kwenye tope, besiboli itasimama. Mpira uliolowa unateleza mkononi mwa mrushaji na unaweza kumwendea mtu kichwani. Marekani mchezo ukishavuka iningi tano na mvua ikagoma kukata, matokeo yaliyopo hutambuliwa. Mashindano mengine huamua kurudia au kuendelea siku nyingine. Wakati wa masika Dar hunyesha Machi hadi Mei, miezi ambayo huku kwetu mvua inakuwa inaaga, kwa hiyo usipime hali ya hewa ya Upanga kwa kuangalia mawingu ya Mlimwa. Piga simu kwa mtu aliye Dar asubuhi ile, kabla hujatoka kwenda Mkonze.